L ya Limuru, R ya Ruiru

Nasikia siku hizi mnaandika nusu ya neno, tena mnalikosea, na simu inawauliza kwa heshima kama mlimaanisha kitu kingine. Hongereni. Sisi tulioanza kazi ya intaneti Thika miaka ya mwisho ya tisini hatukupewa mashine yenye adabu namna hiyo. Ya kwetu ukikosea herufi moja ilikununia, au ilikurudishia barua yako na Kiingereza kilichotungwa makusudi ili ujione mjinga. Niliishi nayo mpaka nikastaafu. Na kwa kuwa wajukuu wangu wananishikia simu kama mtu anayemshikia mtoto kikombe cha uji, nimeonelea niwaeleze kidogo bibi yenu alikuwa nani.

Naitwa Nekesa. Nilizaliwa Bungoma, nikaletwa Thika na ndoa. Mume wangu, Wafula, alikuwa mkataji karatasi katika kiwanda cha madaftari, Eneo la Viwanda. Mimi niliajiriwa mjini na Bi Zainabu, mama wa Kiislamu aliyekuwa na ofisi ya kupigia simu, kutuma faksi na kuchapa barua. Siku moja Bi Zainabu alikwenda Nairobi, akarudi na komputa, modemu, na kibao kilichoandikwa INTANETI INAPATIKANA HAPA. Nikamuuliza ni nani ataiendesha hiyo intaneti. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza jua linachomoza upande gani.

"Wewe ndiye intaneti, Nekesa," akasema.

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu yote ya chuo kikuu.

Pamoja na kutuma baruapepe, tulikuwa mawakala wa kampuni moja ya Nairobi iliyosajili majina ya intaneti. Nyinyi mnayaona majina hayo kila siku na hamjui yanavyosomwa, kwa hivyo msijitie wajuaji. Jina la intaneti husomwa kuanzia nyuma, vile karani wa posta anavyosoma bahasha. Mwisho kabisa kuna ke, hiyo ni Kenya. Kabla yake kuna co, maana yake ni mtu wa biashara. Kabla yake tena ndipo kuna mwenye jina. Mashine inauliza Kenya, Kenya inaielekeza kwa watu wa biashara, nao wanaielekeza kwa mwenyewe, ambaye kwa kweli ni tarakimu tu, ila binadamu hawezi kukariri tarakimu ndiyo maana akapewa jina. Ni rahisi. Nilieleza hivyo kila siku, na kila siku watu waliitikia kwa vichwa na kufanya jambo jingine kabisa.

Kulikuwa na mama mmoja wa Gitothua, muuza vifaranga, aliyetazama zile W tatu za mwanzo kwa muda mrefu kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na hawa ni nani? Wanjiku, Wanjiru na Wambui?" Nikamwambia si watu. Hakuniamini. Alitaka kujua ni kwa nini biashara yake itangulizwe na wanawake watatu asiowajua.

Wengine waliandika koma mahali pa nukta kwa sababu koma inapendeza. Wengine waliacha nafasi kati ya maneno ili jina lipumue. Ile a yenye mkia ya baruapepe iliitwa kila kitu, kuanzia konokono mpaka a ya Waarabu, na Bi Zainabu akakasirika kwa niaba ya Waarabu. Halafu kulikuwa na suala la nukta yenyewe, ambayo watu wetu wa Ruiru na Thika hutamka "ndot". Kijana wa Nairobi aliyepokea maombi yetu kwa simu, Denis, wakati fulani aliandika alichosikia bila kufikiri, na muuza mbao mmoja akapata jina lenye ndot katikati. Alilipenda. Tulipombadilishia alisema tumelipunguza.

Lakini aliyenifunza zaidi ni mzee mmoja wa Kimbo, kule Ruiru, dalali wa mashamba. Alisajili jina, akaenda. Baada ya wiki kadhaa akarudi amevaa gambuti, tayari kwa shamba.

"Nimekuja nionyeshwe bikoni," akasema.

"Bikoni gani, Mzee?"

"Za hiyo kitu nirinunua. Nione mpaka yangu ni wapi na jirani ni nani."

Nikamweleza kwamba jina haliko mahali. Akasema kitu kikinunuliwa lazima kiwe mahali. Nikamweleza pia kwamba mwakani atalipa tena.

"Haiya! Hiyo si kununua. Hiyo ni kukodi!"

Bi Zainabu akajibu kutoka kwenye kiti chake bila hata kuinua macho, "Ni kama shamba la serikali, Mzee. Unapewa kwa muda. Ukisahau kulipia, anapewa mwingine." Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akasema kumbe ni hivyo, sasa ameelewa, akavua kofia na kuaga. Nimehudhuria semina nyingi tangu siku hiyo, na wataalamu wenye tai wamenieleza jambo hilo hilo kwa picha za rangi, na hakuna aliyemfikia Bi Zainabu.

Sasa nije kwa Mzee Kamande, maana huyo nusura aturudishe Bungoma.

Mzee Kamande ndiye aliyekuwa na kile kiwanda alichofanya kazi mume wangu. Madaftari yake yaliitwa Kalamu. Yalikuwa madaftari mazuri, karatasi nzito, lakini wakati huo wafanyabiashara wakubwa walikuwa wanaleta ya bei rahisi kutoka nje, na nusu ya wafanyakazi walikuwa wameshatumwa nyumbani. Wafula alikuwa miongoni mwa waliobaki kwa sababu mashine ya kukata haikumtii mtu mwingine. Mzee alisikia kwamba wenye intaneti hawafilisiki. Sijui nani alimwambia. Akaja kwetu na suti ya kanisani kusajili jina.

Bi Zainabu alimpigia Denis na kuanza kumtajia jina. Mzee akamnyang'anya simu kwa upole na kutupa mgongo, maana hayo yalikuwa mambo ya kampuni, si ya wanawake. Simu za siku hizo zilipiga kelele, kwa hivyo tulisikia pande zote mbili.

"Andika Karamu," Mzee akasema.

"Poa, mzee. Nitajie herufi."

"Ke. A. Era—"

"Hapo. L ama R?"

"Era!"

"R?"

"Era! Era ya Rimuru!"

"R ya Ruiru?"

"Apana Luilu! Rimuru! Kwani wewe ujawai fika Rimuru?"

"Nimeshika, mzee," Denis akasema. "R."

Bi Zainabu alinyoosha mkono kuichukua simu. Mzee alikuwa tayari ameikata, akatupa mkono mmoja mmoja, akaondoka akitembea kama bwana harusi. Tulijaribu kumrudia Denis, laini haikushika, tukajipa moyo kwamba ameelewa.

Msiwacheke watu wa hapa kwa kuchanganya L na R. Kila kabila lina herufi yake ya kuilipia kodi. Sisi Wabukusu tunashtakiwa kwa kuchukua B za watu na kuweka P mahali pake, na J kuzigeuza Ch, na Bi Zainabu, mwenye Kiswahili kilichonyooka, alinisugua ulimi miezi mingi kabla ya kuniruhusu nipokee simu. Tofauti ni kwamba mwanzoni kosa la ulimi lilikuwa linaishia hewani. Watu wanacheka, mambo yanaendelea. Intaneti ndiyo iliyokuja kuliandika.

Mwenye kiwanda cha karatasi ni mtu hatari akipata habari njema. Hakungoja Nairobi ithibitishe chochote. Siku hiyo hiyo alichapisha kadi na karatasi za barua, rundo kama la nyasi za ng'ombe, na mpangaji wake wa herufi, ambaye alijua kalamu ni nini, akaandika kalamu.co.ke kwa L safi kabisa. Mzee akaagiza sanduku la posta liondolewe kwenye kadi, na namba ya simu, na ya faksi. Alisema hizo ni mambo za kitambo.

Siku iliyofuata akafika mgeni. Aliitwa Bwana Mori, Mjapani, na watu wake walikuwa wakisaidia shule nyingi nchini na walitaka madaftari. Wafula alinisimulia jioni hiyo akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda. Alisema mgeni alipapasa karatasi, akainusa gundi, akatabasamu. Mzee alimzungusha kiwanda kizima kutwa nzima, hii ni Karamu kubwa, hii ni Karamu ya misitari, hii ni Karamu ya hesabu. Wakati wa kuagana Mzee alimpa kadi mpya. Bwana Mori akasema zake zimeisha, lakini ataandika baada ya kikao na wakubwa wake kwao. Mzee hakumwomba anwani. Mtu akishakuwa na anwani yake ya intaneti, za wengine anaziona za nini?

Kisha Mzee akawakusanya wafanyakazi, akawaambia ukweli, na hapo namheshimu. Kazi ya Mjapani ikikosa kuja kufikia mwisho wa mwezi, anafunga.

Uthibitisho wa Nairobi ulifika wiki hiyo. Jina lenu liko tayari: karamu.co.ke. Niliusoma mara ya kwanza, nikausoma tena. Nikampigia Mzee.

"Mzee, wameandika R."

"Ndio," akasema kwa furaha. "Era."

Ilibidi aje. Nilimwandikia herufi zote mbili kwenye karatasi, kubwa kama za watoto wa nasari, nikamwekea kidole kwenye ile ya Nairobi.

"Ngai," akasema. "Ni nani aliwaambia hiyo?"

Denis alituambia ni nani. Alituambia pia kwamba jina likiingia limeingia, jipya linahitaji barua yenye muhuri, na anayehusika amesafiri, na akirudi kuna foleni, kwa hivyo, mathe, tulia tu, itaweza. Nilitulia. Nikajiandikia barua ndogo kwenda kwa kalamu yenye L, anwani ile iliyokuwa kwenye kadi ya Bwana Mori, nione itakuwaje. Ilirudi kabla sijamaliza kunywa chai. Mashine ilisema haimjui mtu kama huyo duniani. Hivyo ndivyo itakavyomjibu Bwana Mori, nikawaza, naye atadhani Mzee Kamande ni tapeli, aende zake kwa wale wa bei rahisi.

Jioni nilimweleza Wafula. Mwanetu Simiyu alikuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari. Nyumbani Bungoma tulikuwa na kipande cha shamba cha kugawana na ndugu za Wafula, na ndugu zake walikuwa wameshakigawana. Wafula hakuelewa, na sikumlaumu.

"Kwani hao watu wa komputa hawamchui Mzee?" akaniuliza.

"Si watu, Baba Simiyu. Ni mashine."

"Lakini posta wanamchua. Parua ya Mzee inafikanga ata ikiandikwa vipaya."

Na alikuwa anasema kweli. Mimi mwenyewe nimeona pale posta bahasha iliyoandikwa "Zika" ikafika Thika, na nyingine iliyoandikiwa "Mwarimu wa Kwaya" tu, ikamfikia mwalimu wa kwaya. Karani alijua watu wanavyoongea. Alikuwa na shangazi anayeongea hivyo hivyo. Sasa tulikuwa tumeleta chombo kutoka ng'ambo, kwa shangwe na vibao, ili kituondolee karani huyo, na wakubwa wakaiita hiyo maendeleo. Niliogopa. Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa na busara yoyote. Niliogopa tu, na nilikuwa na hasira kwa herufi.

Kwa hivyo, mkiniuliza ujuzi wa kazi ni nini, si modemu wala waya. Ni huu: jina la mtu usilipokee kwa mdomo. Mwandikie, mpe alisome, mwambie aguse kila herufi kwa kidole chake mwenyewe. Akiona unamdharau, mpe chai. Baada ya Mzee Kamande sikusajili jina la mtu yeyote bila kidole, hata la wakili mmoja aliyeniambia kwamba amesoma Uingereza. Huyo ndiye niliyemrudisha mara mbili.

Sanduku la karamu yenye R nililifungua kila asubuhi na kila alasiri, kwa sababu ndilo pekee tulilokuwa nalo. Modemu ililia, ikakohoa, ikashika, na ndani hamkuwa na kitu. Siku moja mlikuwa na kitu, nikaruka kwenye kiti. Alikuwa mwanamke wa Nairobi aliyebahatisha jina na kuuliza kama tunapikia harusi. Nilitaka kulia. Bi Zainabu alisoma juu ya bega langu, akaniambia nimjibu ndiyo, dada yake anapika pilau. Walikwenda wakapika, na nasikia ilisifiwa. Kwa hivyo msiseme intaneti ya Thika haikuzalisha.

Wiki ya mwisho ya mwezi Wafula alianza kuleta nyumbani vitu vyake kimoja kimoja: kikombe, koti la kazi, jiwe lake la kunolea. Nikavipanga kabatini kama mtu anayepokea wageni wa kawaida.

Halafu asubuhi moja modemu ikashika, nikaona jina la Bwana Mori.

Nilidhani macho yananidanganya. Nikaangalia anwani aliyoiandikia: karamu, kwa R, herufi kwa herufi, ile ile isiyokuwa kwenye kadi yoyote duniani. Alianza kwa kuomba radhi. Kadi ya Mzee ilikuwa imefuliwa pamoja na shati ikawa uji. Kwa hivyo, aliandika, mwisho wa anwani anaukumbuka, ila jina la kiwanda amejaribu kuliandika kama alivyolisikia Mzee mwenyewe akilitamka siku ile, na anatumaini atasamehewa kama kuna kosa. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba katika lugha yao hata wao hawatenganishi hizo herufi mbili. Chini ya hayo alikuwa ameandika kwamba wakubwa wake wamekubali, wanataka madaftari ya shule zote, na wanauliza kazi inaweza kuanza lini.

Bi Zainabu alisema nipige simu. Sikuweza kungoja simu. Niliichapa barua, nikatoka na viatu vya ofisini, nikashika njia ya Eneo la Viwanda nikitembea, kisha nikikimbia, mwanamke mzima na karatasi mkononi, walinzi wa magetini wakinitazama kama mwizi wa mchana.

Mzee Kamande alikuwa amesimama mlangoni pa kiwanda bila suti. Akaichukua barua, akaisoma kwa midomo, taratibu, akarudia pale Bwana Mori aliposema kuhusu jina. Nilingoja aombe msamaha, au ashukuru Mungu. Alikunja ile karatasi, akanitazama kwa masikitiko makubwa.

"Mama Simiyu," akasema, "si nirisema Karamu? Si nirisema? Na nyinyi mukanisumbua, era ama ara, era ama ara."

Nilimwacha na ushindi wake, nikampita. Ndani mashine zilikuwa kimya. Wanaume waliobaki walikuwa wamekaa juu ya marobota ya karatasi, Wafula kati yao, mikono katikati ya magoti. Wote walinyanyua nyuso. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima namna ya kulisema, kwa Kiswahili kizuri cha Bi Zainabu, lakini pumzi ilikuwa imeniishia na moyo umenijaa, na kilichotoka kilikuwa cha kwetu.

"Parua imefika!" nikapiga kelele. "Parua imefika!"

Wakaruka wote. Wafula akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya harusi, na mtu akawasha mashine ya kukata ingawa hapakuwa na cha kukata. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama ni B ama P.